Nilipopiga marufuku kaditamati

"Shairi lisilofungwa ni mgeni aliyeondoka bila kuaga. Sasa mwalimu, ndo unatufundisha kuondoka hivyo?"

Aliyesema hivyo ni mama mmoja wa mtaani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, anauza mlenda mkavu na karanga sokoni Majengo, na alisema huku anafunga daftari lake analirudisha kwenye kikapu. Ilikuwa Jumamosi jioni, ule upepo wetu wa mwezi wa saba umeshabeba karatasi za watu umezitupa kwa jirani, na mimi nimetoka kumwambia kwa upole kabisa kwamba ubeti wake wa mwisho autoe. Sheria ya kikao chetu cha mashairi ilikuwa moja tu: hakuna kaditamati, yaani ule ubeti wa mwisho wa kufunga shairi na kuaga.

Hakugomba. Aliinuka akamuaga kila mtu kwa zamu, mpaka mtoto aliyekuwa anacheza na mchanga akapewa mkono, halafu akaenda zake.

Mi nikabaki naosha vikombe.

Tangu siku ile hayo maneno yamenikaa. Nafungua steshenari asubuhi, mtu anataka kopi ya kitambulisho cha NIDA, namhudumia, mashine inanguruma na mimi akili iko kwa yule mgeni asiyeaga. Wiki zimepita hivyo. Nimeona niandike, labda atatoka.

## Kikao chenyewe

Wanaonisoma siku nyingi wanakijua, kwa hiyo sitarefusha. Tunakaa uani chini ya mwarobaini, naleta swali moja nililolitoa kwenye falsafa, tunalibishania mpaka watu wapate joto, halafu kila mtu anaandika beti zake. Siiti semina. Niliwahi kuiita semina na mtu wa kwanza kufika akauliza posho ni shilingi ngapi, na siwezi kumlaumu, huu ndo mji wenyewe wa vikao.

Wanaokuja ni wale wale na wapya kidogo: mama wa mlenda, fundi baiskeli mmoja, mzee mstaafu wa reli, binti aliyemaliza kidato cha nne anasubiri mambo yake, bodaboda mmoja, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, wanaokuja wakati hawana mitihani. Sio wote wanajua kuhesabu mizani, zile silabi za kila mstari. Mzee wa reli anajua, na anahesabu kwa vidole kwa sauti wakati wewe bado unasoma, jambo ambalo linavuruga sana msomaji lakini hakuna aliyewahi kumwambia.

## Kilichonifanya niweke ile sheria

Ukitaka kujua shule imetufanya nini kwenye ushairi, mpe mtu mzima karatasi umwambie atunge chochote. Ubeti wa kwanza una maisha, wa pili una maisha, akikaribia mwisho anakumbuka mtihani. Eleza ujumbe unaopatikana katika shairi ulilosoma. Basi anaanza kukutafutia ujumbe. Yule bodaboda alishawahi kuandika vizuri kabisa jinsi abiria anavyomshika kiuno kwa woga njia nzima, halafu wakifika anashuka anajifanya hamjui, anatoa noti bila hata kumtazama usoni, yaani nacheka peke yangu huku naona aibu kwa sababu na mimi nafanyaga hivyo, mara ubeti wa mwisho: vijana tuvae helmeti, ajali zinamaliza nguvu kazi ya taifa.

Helmeti imetoka wapi?

Falsafa niliyoipenda mimi chuoni haikuwa hivyo. Kuna mazungumzo aliyoyaandika Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya zamani, yale ya mwanzo mwanzo, mwalimu wake Socrates anamkamata mtu anayejiamini, anamuuliza ushujaa ni kitu gani, au ucha Mungu ni kitu gani, wanazunguka weee, kila jibu linavunjika, na kwenye mojawapo yule mtu mwishoni anasema samahani nina haraka, anaondoka. Kitabu kimeisha. Mara ya kwanza kusoma nilidhani fotokopi yangu imekatika.

Nikawa nataka watu wetu waonje hiyo raha ya kuachwa njia panda. Ndo nikasema hapa hakuna kufunga shairi. Ukifika mahali unaona ujumbe unakuja, weka kalamu chini.

Na ilifanya kazi, hilo lazima niseme. Mashairi yakaanza kuwa na upepo ndani. Helmeti zikapungua.

Kuna jioni niliwasimulia habari ya Socrates gerezani mwaka 399 KK, anasubiri kunyweshwa sumu, na badala ya kulia anachukua hadithi za Aesop anazigeuza mashairi, kwa sababu maisha yake yote alikuwa anaota ndoto inayomwambia afanye sanaa, na yeye miaka yote alidhani falsafa ndo hiyo sanaa yenyewe, sasa kifo kimekaribia akaona isije kuwa ndoto ilikuwa inamaanisha mashairi kweli. Hii habari watu waliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuleta. Na anayetusimulia ni Plato, yuleyule aliyesema kwenye mji wake bora washairi waonyeshwe njia ya kutokea. Mzee wa reli akauliza yale mashairi ya gerezani yalikuwa na vina? Nikamwambia Wagiriki wa zamani walipima urefu na ufupi wa silabi, vina hawakuwa na habari navyo.

"Mizani bila vina," akasema. "Basi ni nusu shairi."

## Meli, baiskeli na nyumba ya tembe

Jumamosi ile mama alipoondoka, swali lilikuwa la meli. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zamani, anasimulia kwamba watu wa Athens waliitunza meli ya shujaa wao Theseus miaka na miaka, ubao ukioza wanatoa wanaweka mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana: hii bado ni meli ileile? Karne ya 17 mwanafalsafa Mwingereza, Thomas Hobbes, akaongeza chumvi, akasema tuseme kuna mtu alikuwa anaokota zile mbao za zamani moja moja, akaziunga upya. Sasa meli ya Theseus ni ipi?

Dodoma na meli wapi na wapi, ila sikupata hata muda wa kutafuta mfano wa huku. Fundi baiskeli akadakia, akasema hiyo mbona kazi yake ya kila siku. Chuma kinachotoka kwa huyu kinaingia kwa yule, wateja wake wa miaka mingi wote wameshapanda vipande vya wenzao bila kujua, na hakuna aliyewahi kuja kulalamika kwamba baiskeli yake imekuwa ya mtu mwingine. Halafu akaandika, palepale:

*Nimebadilisha cheni, na tairi zote mbili,*
*Pedeli na usukani, na kiti nikabadili,*
*Fremu ndiyo ya zamani, namba yake ni ya kweli,*
*Baiskeli ni fremu, vingine ni mapambo tu.*

(Palizuka kesi ndogo kama neno baiskeli lina mizani minne au mitano. Mzee wa reli akaamua mitano, ile S ina kiti chake. Tukaendelea.)

Nataka mwone alichofanya. Wasomi wameandika makala ngapi sijui juu ya kinachobaki kitu kikibadilika, na fundi anakuja na namba iliyogongwa kwenye chuma. Polisi wakikamata baiskeli wanaangalia namba ya fremu, hawaangalii kengele. Mimi sikubaliani naye mpaka leo ila siwezi kusema hana hoja.

Mzee wa reli akataka kuipeleka kwenye siasa, akasema je, serikali? Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulitoka 1973, sisi tukakaa tunasubiri, mpaka 2016 ndo watu wakaanza kufunga mizigo kweli kweli, majengo mapya kule Mtumba kwenye mji wa serikali, watu wapya, viti vipya. Fremu iko wapi hapo? Watu wakacheka, nikairudisha mada kwenye meli haraka haraka.

Mama wa mlenda muda wote kimya. Akaandika huku ameinama, akasoma kwa sauti ndogo:

*Nilizaliwa tembeni, nguzo zote zimeliwa,*
*Udongo juu paani, kila mwaka unatiwa,*
*Fremu haipo nyumbani, kwa bibi patambuliwa,*
*Kinachobaki ni jina, na watu wenye kuita.*

Anayejua nyumba za tembe za Ugogo anajua anachosema. Paa ni udongo juu ya miti, mchwa anakula, mvua inaosha, kila mwaka watu wanatengeneza. Hakuna kipande unachoweza kukishika ukasema hiki ni cha siku ya kwanza. Na akaongeza kwa mdomo kwamba ile nyumba yenyewe siku hizi hata haipo, pale ni shamba la zabibu la mtu mwingine, lakini watoto wa ukoo wakipita bado wanasema wamepita kwa bibi.

Nilisisimka. Halafu akageuza ukurasa akasema, sasa naaga. Nikamwambia mama, kumbuka sheria yetu.

Mnajua kilichofuata.

## Hekima ni ya nani hapa?

Usiku ule sikulala vizuri, na nilianza kwa kujitetea. Nikasema mama amezoea, watu wazima wanapenda shairi lenye adabu zake, atazoea tu. Halafu nikamkumbuka Odera Oruka.

Yeye alikuwa mwanafalsafa wa Kenya, miaka ya 1970 alianza kuzunguka vijijini kuzungumza na wazee wanaosifika kwa busara, anawahoji, anawabana maswali, kusudi aonyeshe kwamba Afrika ina watu wanaofikiri kwa kina kila mmoja kwa kichwa chake, sio methali za ukoo peke yake. Kitabu chake kikubwa kuhusu hao wazee kilitoka 1990. Mimi nampenda, kikao changu kimezaliwa kwake kwa kiasi kikubwa. Lakini wakosoaji walimuuliza swali zito: yale majibu ni ya mzee, au ni ya msomi aliyekuja na maswali yake tayari yamekatwa kwa vipimo vya chuo kikuu?

Swali hilo chuoni nililijibu kwenye mtihani. Safari hii limenijia nimelala.

Kwa sababu mimi sikuleta swali tu. Nilileta na umbo la jibu. Niliwaambia fikirini mnavyotaka lakini mkimaliza muonekane kama watu wa Athens, msimalize. Na mtu pekee aliyekataa ndiye aliyekuwa anafikiri siku hiyo kuliko sisi wote.

Kwa upande mwingine nikawa najiuliza, nikiruhusu kaditamati si helmeti zinarudi zote?

## Mjinga hajawahi kushinda

Dodoma huwezi kuzungumza habari za mabishano kwenye ushairi ukamruka Mathias Mnyampala. Mgogo, mzaliwa wa huku huku, 1917, akafariki 1969, mtu wa mambo ya sheria kikazi, na ndiye anayetajwa kama baba wa ngonjera. Azimio la Arusha limetoka 1967, mwaka uliofuata Nyerere anakutana na washairi anawaomba wasaidie kuyafikisha mambo ya Ujamaa kwa wananchi, UKUTA, chama cha washairi wa Kiswahili, ikalibeba hilo, ngonjera zikaingia mashuleni na hazijatoka mpaka leo.

Kwa umbo, ngonjera ni kitu ambacho Plato angekipenda. Watu wawili, mmoja anasema hivi, mwingine anapinga, kwa zamu, kwa vina.

Ila sote tumesimama mbele ya mgeni rasmi tukaimba ngonjera, tunajua zinavyoishaga. Kuna mjinga na kuna mwelevu. Mjinga anasema shule haina maana, mwelevu anamweleza, mjinga anabisha kidogo kwa heshima, mwelevu anamweleza tena, na ubeti wa mwisho wanashikana mikono wanaimba pamoja. Mimi darasa la tano nilipewa nafasi ya mjinga nikaipenda sana, nilikuwa na mistari mizuri kuliko mwenzangu, na hata hivyo mwisho nikakubali kila kitu. Mjinga wa ngonjera hajawahi kushinda popote Tanzania nzima.

Ndo nikaelewa nilichokuwa nakikimbia. Kaditamati yenyewe haikuwahi kunisumbua kama yale makubaliano yaliyopangwa kabla watu hawajafungua mdomo.

Sasa hivyo ni vitu viwili, na mimi nilikuwa nimevipiga marufuku kwa pigo moja.

## Sanduku la mzee wa reli

Niliyemwendea ni mzee wa reli, kwa sababu nilijua ana kitu. Enzi zake alikuwa karani wa stesheni, treni zilikuwa zinachelewa, magazeti yalikuwa yanaachwa kwenye mabehewa, na yeye alikuwa anakata kurasa za mashairi. Sanduku zima la bati. Uhuru, Mzalendo, karatasi zimekuwa za njano zinavunjika ukizishika.

"Shikamoo babu, naomba nione mashairi yanavyoishaga."

"Marahaba. Yanaishaje tena, si yanaisha!"

Tukakaa barazani mpaka giza. Na nilichokiona, wengine mtasema mbona kinajulikana, ila mimi nilikuwa sijawahi kukiona kikiwa kimepangwa kwa foleni namna ile. Mtu wa Tanga anauliza kati ya mali na elimu kipi bora, ubeti wa mwisho anafunga vizuri, anataja jina na anwani ya posta, na anasema wajuzi nijibuni. Wiki kadhaa mbele, mtu wa Kigoma huyo, nimekusikia wa Tanga, lakini. Halafu wa tatu anawaambia wote wawili mmekosea. Anafunga. Wa nne anafungua. Mzee amezibana pamoja kwa pini, mnyororo mmoja umekwenda miezi na hakuna popote panaposema sasa tumekubaliana. Walichoka tu, au gazeti liliishiwa nafasi.

Kila shairi limefungwa. Mabishano hayajafungwa.

Nilikaa pale kama mtu aliyepigwa na kibao chepesi. Kumbe ninachokitafuta hakikuwahi kuwa ndani ya shairi la mtu mmoja, kilikuwa katikati ya mashairi. Mshairi wa gazeti alikuwa na ruhusa ya kusema neno lake mpaka mwisho, kwa nguvu, hata kwa majivuno, kwa sababu alijua kuna mtu mahali fulani anachovya kalamu. Ukiwa na uhakika wa kujibiwa huna haja ya kujifanya huna msimamo. Na sisi wa kikao cha Nkuhungu tulikuwa tunasoma, tunapigiana makofi, tunaenda nyumbani. Hakuna aliyekuwa anamjibu mtu. Kaditamati kwenye chumba kisicho na majibu kweli inageuka mahubiri, na mimi nikaona dawa ni kukata kaditamati.

Nikarudi kwenye simu yangu. Huwa napiga picha kurasa za watu ili nizichape, na ubeti wa mama ulikuwemo, sikuwa nimeusoma hadi mwisho:

*Kaditama naishia, mkeka ninaukunja,*
*Neno nimewaachia, kama ni tamu mwaonja,*
*Mwenye fremu kasikia, hoja yake nimevunja,*
*Kama anayo nyingine, kesho naye aje nayo.*

Soma mstari wa mwisho tena.

Asubuhi nikaenda Majengo. Nikamwamkia, nikachagua mlenda, akaniangalia, akaniuliza nimekuja kununua au nimekuja kwa shairi, nikasema vyote.

"Haya, fundi kasemaje?"

"Fundi hajausoma, mama."

"Hajausoma vipi? Na mimi siku zote hizi namsubiri!"

## Sasa nani anamjibu mzee?

Basi utaratibu ukabadilika. Funga shairi lako utakavyo, weka hata helmeti ukitaka, ila Jumamosi inayofuata lazima mtu akujibu, kwa beti, na yeye afunge, naye ajibiwe. Fundi aliposoma ubeti wa mama alinyamaza muda, wiki iliyofuata akaja na jibu kali kwelikweli, kwamba kama kinachobaki ni jina na watu wa kuita, basi mwizi akiiba baiskeli akaipa jina na mtaa mzima ukamuitia, imeshakuwa yake? Mama akasema hapo kuna kazi. Wapo kwenye hilo mpaka sasa na mimi nimewaachia.

Helmeti nazo, kwa taarifa yenu, zilirudi kidogo tu. Mtu akijua atajibiwa anaona aibu kuandika kitu ambacho hakuna anayeweza kukipinga.

Ila likaja jambo ambalo sikulitegemea. Mzee wa reli alitunga beti nyingi nzuri kwamba hekima inakuja na mvi na kijana asubiri zamu yake. Akafunga. Akangoja. Hakuna aliyemjibu. Wiki ya pili kimya, wanafunzi wa UDOM wanaobishana na kila mtu wote wanatazama chini. Niliwauliza pembeni, wakasema ticha, yule si babu, unamjibuje babu? Na ukweli ni kwamba hata mimi, nilipojaribu kuandika jibu langu, kila mstari ulikuwa unatoka unapiga magoti.

Gazetini ilikuwa rahisi. Wa Kigoma hamwoni wa Tanga. Uani kwetu unamwona, na umemwamkia shikamoo dakika tano zilizopita.

Aliyetutoa ni yule binti. Akasema ana shairi halimhusu mtu, ni fumbo tu, watu wategue:

*Naliona jitu kuu, limesimama njiani,*
*Lina kimo hadi juu, limeishi tangu lini?*
*Nikagonga kwa mguu, pakavuma tupu ndani,*
*Malenga nisaidie, ni nini hicho naona?*

Kila mtu wa Dodoma anajua mbuyu mzee unavyokuwa na uwazi ndani. Kila mtu akatazama mwarobaini, ardhi, viatu. Mzee akahesabu mizani kwa vidole mpaka mwisho, ikatimia, akamgeukia binti.

"Umeligonga kwa mguu, mjukuu wangu?"

"Kwenye shairi tu, babu."

Alicheka mpaka akakohoa. Jibu lake lilikuja wiki iliyofuata, siliweki hapa kwa sababu amesema bado analinyoosha, ila hoja ni kwamba uwazi wa mbuyu ndo nyuki wanamoweka asali, na anayegonga kwa mguu ndiye wa kwanza kuumwa. Binti ameshaanza kuandika la kwake. Namuona anahesabu kwa vidole.

Sasa hapa sijui niseme nini. Nafurahi sana, na kuna kitu kinanikera. Nafurahi kwa sababu fumbo limefanya kile ambacho sheria zangu zote zisingeweza, msichana amembishia mzee hadharani na heshima imebaki nzima kwa wote wawili. Kinachonikera ni kwamba ilibidi ajifiche nyuma ya mti. Mzee yeye alisema lake wazi wazi. Nimemwambia mwanafunzi mmoja wa falsafa, akanijibu kwamba kujificha nyuma ya mti nako ni ufundi, na kwamba wanaosema wazi kila kitu mara nyingi ni wale ambao hawana cha kupoteza. Labda. Yeye ana miaka ishirini na kitu na hajawahi kumjibu mzee mpaka leo.

## La bodaboda

Na wakati naona utaratibu umekaa, bodaboda akaja na shairi la mama yake aliyefariki. Halina vina, halina mizani, mistari mingine ina neno moja. Alisoma, akasema: hili sitaki lijibiwe.

Mzee wa reli akafungua mdomo, nadhani alitaka kusema nusu shairi, akaufunga.

Tukakubaliana, kwa mara ya kwanza sio mimi niliyetoa hiyo sheria, kwamba mwenye shairi anaweza kusema halijibiwi na hakuna wa kuuliza kwa nini. Mwanafunzi mmoja anaona hilo litatumiwa vibaya, mtu akiandika hoja mbovu atasema ni msiba. Mimi naona tukifika huko tutaangalia, kwa sasa nani ataanza kukagua misiba ya watu?

Jumamosi hii tunaingia kwenye madeni. Swali: mtu akifa, deni alilodaiwa linakwenda wapi, na je, la fadhila ni deni kama la hela? Nina Socrates wangu tayari, yule ambaye maneno yake ya mwisho yalikuwa kumkumbusha rafiki yake kwamba wanadaiwa jogoo wa kumtolea Asclepius, mungu wao wa uponyaji, asisahau kulilipa. Aliye maeneo ya Nkuhungu aje na daftari, chai ipo, maandazi tunachangia. Mama wa mlenda ndiye anafungua mada. Fundi ameshaomba asiwe wa kwanza kumjibu, kwa sababu anadaiwa naye karanga za tangu mwezi wa sita.